Medali Ndani ya Maji ya Chumvi

Naogopa maji. Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara kadhaa, maana miaka yote ya ndoa yangu nimedai kinyume chake. Mume wangu alipotaka twende kuoga Ziwa Edouard, nilisema viboko. Viboko wapo, huo si uongo. Hotelini Kampala, alipokuwa akiogelea, nilisema nimekuja na insha za wanafunzi za kusahihisha. Nilizisahihisha kweli, nikiwa nimekaa mbali sana na bwawa hata mhudumu akaja kuniuliza kama namsubiri mtu. Na kwa kuwa tunaishi Butembo, juu mlimani, ambako mtu anaweza kuzeeka bila kuingia katika maji yanayozidi beseni, siri yangu ilikuwa salama. Kisha mume wangu akanunua kisima cha ubatizo.

Kilikuwa sanduku la chuma, refu kuliko kitanda, kina chake kinamfika mtu kifuani, na ndani yake kulikuwa na ngazi za kushukia. Upande wa mbele kilikuwa na kioo kinene. Waumini wa viti vya nyuma walilalamika zamani kwamba hawaoni kitu, wazee wa kanisa wakaagiza kioo. Tangu siku ya kwanza kilivuja, na kina mama wa kwaya walizoea kuimba viatu vikiwa vimelowa. Hatimaye kanisa lilijenga kisima kipya cha vigae, na kile cha zamani kikaishia kwenye karakana ya wachomeleaji. Mume wangu, ambaye anauza pampu na paneli za jua, alipita pale kwa shughuli nyingine kabisa.

“Uliona ile vitre?” aliniambia jioni ile, macho yanawaka. “Uliona vile iko nene? Mutu aliiacha mu mvua!”

Sikusema kwamba kioo kile nakijua, tena nakijua kwa ndani. Yeye ni Mkatoliki, alinyunyiziwa maji kichwani akiwa mtoto mchanga na hakumbuki chochote. Mimi nilitumbukizwa nikiwa msichana mwenye akili zake. Kanzu nyeupe ilijaa hewa na kuelea, mguu wangu ukateleza kwenye ngazi, na mchungaji, akidhani nasukumwa na Roho, akaendelea kunikandamiza. Nilifungua macho. Nyuma ya kioo niliona kanisa zima limesimama, midomo inafunguka na kufungika, na sikusikia sauti hata moja. Watu mia walikuwa wakiimba kwa furaha huku mimi nakufa mbele yao. Nilipotolewa nilikohoa sana, mama yangu akalia, na wote wakasema ni neema.

Basi kisima hicho ndicho kilichoingia sebuleni kwangu, baada ya mlango kung'olewa pamoja na fremu yake.

Mama mkwe wangu anaishi nasi tangu miguu yake ilipokataa miteremko ya mashamba ya Musienene. Alisimama na fimbo yake akakizunguka.

“Hii ni ya nini?”

“Ya samaki, mama,” mwanawe akajibu.

“Samaki ya kula?”

“Ya kuangalia.”

Alifikiri. “Donc utalisha samaki, na samaki haitakulisha.” Akanigeukia. “Na wewe madame ya université, ulikubali?”

Nilisema nilikubali. Nilisema hata kwamba ni wazo zuri. Nilikuwa nimeuweka mgongo ukutani wakati nikisema hivyo, lakini hakuna aliyeona.

Wazo lilikuwa la zamani. Miaka iliyopita mume wangu alifuata kontena hadi Mombasa, na wakati akisubiri karatasi mtu alimpeleka kutazama matumbawe. Alirudi amebadilika kidogo. Alikuwa na namna ya kunyamaza mezani na kusema tu, “Kuna moja ilikuwa ya bleu...” halafu akaendelea kula. Miaka ya mauaji ya Beni ilipozidi, na jioni zetu zikawa ni kutazama simu kuona kijiji gani kimeingiliwa, alisema anataka nyumbani mwake kuwe na kitu kingine cha kutazama. Ningewezaje kumpinga?

Mafundi wanaotengeneza mabodi ya magari walikipaka kisima kwa ndani, tabaka juu ya tabaka, mpaka chuma hakikuonekana tena, kwa sababu chumvi ya bahari inakula chuma. Alisafiri Kampala akarudi na chumvi ya unga katika ndoo, na mawe ya bahari yenye vijidudu vyake, na konokono, na kipande kimoja cha matumbawe laini, mfano wa uyoga wenye vidole. Mawe aliyapanga juu ya zile ngazi. Ngazi nilizoteremka nikiwa na kanzu zikawa mwamba wa bahari, na lazima niseme ukweli, zilipendeza. Nilizipenda kutoka mlangoni.

Kisha zikaja sheria. Maji lazima yaive kwanza, wiki kwa wiki, kabla samaki hawajaingia. Maji ya mvua hapana, kwa sababu ya mabati. Sabuni hapana. Na zaidi ya yote, shaba hapana. Shaba nyekundu, shaba ya njano, zote. Alieleza kwamba chembe kidogo tu ya shaba inaua konokono na matumbawe, na ikishaingia kwenye mawe haitoki. Aling'oa bomba zetu za shaba akaweka za plastiki. Alinivua bangili. Nchi yetu inajulikana duniani kote kwa shaba yake, na sebule yangu ilikuwa imeipiga marufuku.

Aliponifundisha kutunza kisima wakati wa safari zake, nilitikisa kichwa kwa makini. Alipokwenda, nilimwaga maji kwa jagi refu na kutoa uchafu kwa mwiko wa kusongea fufu uliofungwa kwenye mpini wa ufagio. Mama mkwe aliutafuta mwiko wake jiko zima. Mkono wangu haukugusa maji yale hata mara moja, na kila nilipopita mbele ya kioo nilipita haraka, bila kutazama, kama mtu anayepita mbele ya mbwa wa jirani.

Safari ya mwisho ilikuwa ya samaki wenyewe. Asubuhi ya kurudi alinipigia simu kutoka Kasindi, mpakani na Uganda, nyuma yake malori yanapiga honi.

“Mama, bako bazima bote! Niko nabo mu glacière mbili. Douanier ananiuliza, ni samaki ya kula ao ya kuangalia? Ya kuangalia hana bei yake. Anataka alipishe ya kula.”

“Umpe moja apike.”

“Usiseme vile, banasikia.” Alikuwa anacheka. “Tunangoja convoi. Basoda bako mbele. Mangaribi niko Beni kwa dada, kesho Butembo.”

Kutoka Kasindi hadi Beni magari husafiri kwa msafara, askari mbele na nyuma. Hatuwataji wanaovizia barabara hiyo. Tunasema adui, inatosha. Kila mara alipokuwa njiani nilipika, nikafua, nikasahihisha kazi za wanafunzi kwa ukali usio wa kawaida. Yeye alidhani mimi ni mwanamke mwenye moyo mgumu. Hilo nalo sikulikanusha.

Baada ya chakula cha mchana simu ililia. Alikuwa wifi yangu, dada yake mdogo, mwenye duka kule Beni.

“Belle-soeur, mama eko pembeni yako?”

“Eko nje, kwa jua.”

“Basi usilie kwa nguvu. Banasema adui alipiga convoi. Gari zingine zinawaka. Watu walikimbia mu pori. Kaka hajafika.”

Nilimwuliza kitu, sikumbuki nini.

“Hapana jua. Sikia, usimuite ku téléphone! Unasikia? Hata kubip, hapana.”

Nilijua. Kila mtu wa huku anajua. Mtu akiwa njiani na habari mbaya ikasikika, hakuna anayempigia. Mke hapigi, mama hapigi, wala anayemdai pesa. Huenda amelala chini katika shamba la kakao, adui anapita karibu yake, na simu ikilia mfukoni ni wewe uliyemuua. Kwa hiyo tunakaa. Mji mzima unaweza kuwa unasubiri watu walewale, na simu zote zimenyamaza. Ukimpenda, unamwacha bila kumpigia, na hakuna kitu kigumu zaidi ya hicho ambacho nimewahi kuombwa kufanya.

Mama mkwe aliponikuta nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kochi, simu mkononi.

“Nani alikufa?”

“Hakuna, mama.”

“Basi inuka.” Sauti yake ilikuwa kali. “Inuka nasema! Juu ya nini umekaa chini? Banamuke banakaa chini siku ya matanga. Hapa haiko matanga.”

Niliinuka. Nikamweleza. Alisikiliza yote, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akaninyang'anya simu. Sikuwa nimetambua kwamba kidole changu kilikuwa juu ya jina la mume wangu. Akaitia simu ndani ya mkebe mtupu wa maziwa, na simu yake ndogo akaitia humo pia, akaufunika na kuuweka katikati ya meza.

“Yule atakayeita, tutasikia,” alisema. “Na sisi hatutaita.”

Tulikaa. Alisali rozari yake kwa Kinande, kwa kunong'ona. Mimi nilikwenda jikoni kuchemsha chai, nikarudi nayo, ikapoa, nikaenda kuchemsha nyingine. Pampu ya kisima ilikuwa ikinguruma vilevile na maji yakienda na kurudi juu ya ngazi. Nilifikiria glacière mbili, yale masanduku ya kutunza baridi, zilizojaa mifuko ya samaki, na mtu mzima, mwenye watoto chuoni, aliyekwenda kwenye barabara ile kwa ajili ya rangi ya bluu. Nilikasirika. Hasira ilinisaidia kwa muda wa chai moja. Kisha hofu ikarudi, nikaenda tena kuchemsha chai nyingine.

Nilikuwa jikoni niliposikia kitu kikitumbukia majini. Sauti ndogo tu.

Nilipotoka, mama mkwe alikuwa amesimama kando ya kisima, mkono wake juu ya ukingo.

“Mama, umetia nini mule?”

“Kitu yangu.”

Shingoni mwake ule uzi mweusi haukuwepo. Uzi ule ulikuwa na medali ya Bikira Maria, ya shaba, iliyosuguliwa na vidole hata uso hauonekani. Mume wangu alikuwa amenisimulia habari zake. Alipokuwa mdogo aliugua surua mwaka ambao watoto wengi wa kijiji walizikwa. Mama yake alimvalisha medali ile, akapona, na tangu hapo mama huyo akaivaa mwenyewe kwa niaba yake.

“Mama, ile ni shaba. Shaba inaua vyote viko mule. Mwana wako alisema.”

“Mwana wangu eko wapi?”

Niliutazama mkebe mezani.

“Si ni maji ya batizo?” akaendelea. “Si iko na chumvi? Padri akitaka kubariki anatwaa nini? Maji na chumvi. Mimi sikusoma, mais hii najua.”

“Mama, kisima ilikuwa ya Baprotestanti.”

“Mungu atafanya nayo vile iko.”

Nilikuwa karibu kucheka, na nadhani yeye pia, lakini hakuna aliyethubutu. Akarudi kwenye kiti chake, akakaa taratibu, akanitazama.

“Ukitaka kuitoa, toa. Mukono ni yako. Mais mwana asiporudi, nitajua ni nani aliitoa.”

Nilitazama ndani ya kioo. Medali ilikuwa imetua kwenye ngazi ya tatu, kati ya mawe mawili, uzi wake unapepea. Ngazi ya tatu ndiyo iliyoniangusha. Karibu na medali konokono mmoja alikuwa akipanda jiwe polepole, hajui kitu. Nilifikiria mume wangu akirudi, akifungua mlango, akiona kila kitu kimekufa. Kisha nikafikiria mlango usiofunguliwa.

Hata hivyo nilichukua mwiko wangu wenye mpini wa ufagio. Nilijaribu kuunasa uzi, kwa mbali, nimegeuza uso. Mwiko uliisukuma medali ndani zaidi, chini ya jiwe, mahali ambapo mkono tu ungeweza kufika. Nikaweka mwiko chini. Nikafungua kifungo cha mkono wa blauzi na kuukunja hadi begani.

Hapo ndipo nilipokwama. Ninafundisha vijana kufikiri. Kazi yangu ni kuwaambia kwamba jambo likitokea baada ya jingine, si lazima liwe limesababishwa nalo, na nikikuta kosa hilo kwenye karatasi nalipigia mstari mwekundu. Na mimi huyo, nimesimama sebuleni mwangu na mkono mtupu, niliamini kabisa kwamba nikiiondoa shaba ile mume wangu atauawa. Niliamini pia kwamba nikiingiza mkono mle ndani, kitu kitaushika na kuukandamiza, na watu wataimba. Hofu ya kwanza ilinizuia kuitoa medali, ya pili ilinizuia hata kugusa maji. Mvuke wa chumvi ulinipanda puani. Yale matumbawe laini yalianza kukunja vidole vyake, kimoja kimoja, au labda yalikuwa yanavikunja kila siku jua likielekea kutua na mimi sikuwahi kuyatazama vya kutosha kujua.

“Basi?” mama mkwe akauliza nyuma yangu.

“Nangoja.”

“Ndio vile. Ngoja.” Kisha, kwa sauti ya chini kabisa: “Mimi pia naogopa, mwana wangu.”

Mkebe ulianza kutetemeka juu ya meza.

Sote wawili tuliutazama. Ulitoa kelele ya ajabu, bati na muziki kwa pamoja, ukisogea kuelekea ukingo wa meza. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kuufunua. Namba kwenye simu yangu haikuwa ya mume wangu, wala ya wifi. Namba usiyoijua, siku kama ile, inaweza kuwa askari aliyeokota kitambulisho.

“Pokea,” akasema.

“Upokee wewe, mama.”

“Mimi sijui simu yako, pokea!”

Nilibonyeza, nikaiweka sauti wazi kwa sababu nisingeweza kuisikiliza peke yangu. Kulikuwa na upepo, au mtu anapumua.

“Mama?”

Anatuita hivyo sote wawili, na sote wawili tuliitika.

“Niko Beni,” alisema. “Niko kwa dada, hii ni simu ya jirani. Yangu nilitoa batri mu kakao. Niko muzima.”

Mama mkwe alikaa sakafuni. Hakuna aliyemwambia ainuke.

“Watu wengine?” nikauliza.

“Nitakuambia. Leo hapana.” Nikasikia meno yake yanagongana. “Glacière moja ilibaki mu gari. Ingine niko nayo.”

“Ulikimbia mu pori na samaki?”

“Sikukumbuka kuiacha. Nililala chini nayo. Nilifika kwa dada, ananiambia, weka chini, ndio naona iko mukononi.” Akacheka vibaya, kicheko kikakatika. “Bako mu beseni ya dada. Bawili balikufa. Ule wa bleu eko.” Kisha akavuta pumzi, na kwa sauti iliyokuwa karibu yake ya kila siku akauliza, “Maji iko aje?”

Ningeweza kusema iko sawa. Nilimtazama mama yake pale chini, naye akanitazama.

“Kuna shaba,” nikasema. “Mama alitia médaille. Ile ya surua.”



“Alitia wakati gani?”

“Dada yako alipokwisha kuita. Wakati ungali mu pori.”

Mtu huyu aling'oa bomba za nyumba yake. Mtu huyu alinivua bangili ya harusi kwenye sinki na kuipima kwa sumaku.

“Iko ngazi gani?”

“Ya tatu, chini ya jiwe. Niko tayari kuitoa. Nimekunja mukono.” Sauti yangu ilikuwa nyembamba. “Nitoe?”

“Hapana.”

“Na konokono? Na ile matumbawe?”

“Uiache kwanza,” alisema mume wangu. “Kesho ningali na njia ya Beni mpaka Butembo.”

Nikaushusha mkono wa blauzi, nikafunga kifungo. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumtii haraka hivyo.